Ulanga, Lakiri na Sandarusi: Historia ya Vitu Vizuiavyo Umeme katika Mota

Historia ya mota ya umeme aghalabu husimuliwa kana kwamba ni historia ya madini mawili tu: shaba ipitishayo umeme, na chuma kishikacho nguvu za sumaku. Wavumbuzi wake hutajwa kwa majina yao, na miaka ya uvumbuzi wao hujulikana na kila mwanafunzi. Lakini ndani ya kila mota kuna kitu cha tatu, ambacho sifa yake yote ni kukataa. Hakipitishi umeme, hakivutwi na sumaku, wala hakizunguki kwa nguvu yake. Hata hivyo, pasipo hicho, shaba na chuma ni mzigo usio na kazi. Kitu hicho ndicho kihami, yaani ngozi nyembamba ya kitambaa, utomvu au jiwe, itengayo waya na waya mwenzake, na waya na chuma.

Kazi ya kihami yapasa ielezwe kwanza, maana historia yake haifahamiki pasipo hiyo. Katika mota, waya mrefu wa shaba huzungushwa mara nyingi na kulazwa ndani ya mifereji iliyochongwa katika chuma. Umeme hauna budi kupita urefu wote wa waya huo, mzunguko baada ya mzunguko, ili nguvu za mizunguko yote zijumlishwe. Mizunguko miwili ikigusana uchi, umeme hukata njia. Mahali pale pa kukatia hupata moto, na moto ule huunguza mizunguko iliyo jirani, hata mota nzima ikafa. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kutenga. Kazi ya pili ni kushikamanisha. Nyaya zenye umeme husukumana na kuvutana. Kwa umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, nguvu hiyo huzitikisa mara 100 kila sekunde. Waya usioshikwa imara husugua ngozi yake mwenyewe mpaka ikatoboka. Kwa hiyo gundi au vanishi hutiwa ili iugandishe msuko wote kuwa kitu kimoja, ijaze nafasi za hewa, izuie unyevu, na ipeleke joto nje kwenye chuma.

Jambo la kutazamwa katika makala haya ni kwamba vitu vya kwanza vilivyofanya kazi hizo mbili, karibu vyote, vilikuwa bidhaa za zamani za Bahari ya Hindi: hariri, pamba, lakiri, sandarusi na ulanga. Kiswahili kilikuwa na neno kwa kila kimoja kabla mota haijawa kitu cha kawaida ulimwenguni. Na baadhi yake vilichimbwa katika ardhi ya Waswahili na majirani zao, kwa mikono ya watu ambao historia ya umeme haiwataji.

Hata jina la umeme katika lugha za Ulaya limetokana na utomvu. Wayunani wa kale waliita kaharabu elektron, na walijua kwamba ikisuguliwa huvuta vitu vyepesi. Mwaka wa 1600, tabibu Mwingereza William Gilbert alitunga kutokana na neno hilo jina la nguvu ile. Waajemi walikuwa wamekwisha kuiona tabia hiyo hiyo, wakaiita kaharabu kāh-rubā, maana yake chenye kunyakua majani makavu. Neno hilo likaingia katika Kiarabu, na Waarabu wa leo huuita umeme kahrabā. Kiswahili kililipokea neno kaharabu, lakini kikaliacha libaki kwa ushanga na mapambo. Nguvu yenyewe kikaiita umeme, kwa jina la mmweko wa mbinguni, au stimu, kwa jina la mvuke uliozungusha mitambo ya kwanza. Ni jambo la kustaajabisha kwamba kaharabu, iliyowapa watu jina la umeme, yenyewe ni kihami bora. Umeme uliosuguliwa juu yake hukaa kwa sababu hauna njia ya kutoka.

Tofauti baina ya vitu vipitishavyo umeme na vizuiavyo ilidhihirishwa mwaka wa 1729 na Stephen Gray, akisaidiwa na rafiki yake Granville Wheler, katika nyumba ya Otterden huko Kent, Uingereza. Walitandaza uzi mnene wa katani ndani ya chumba kirefu, wakautundika kwa nyuzi nyembamba za hariri, na umeme ukapita mpaka mwisho. Hariri ilipokatika kwa uzito, waliweka mahali pake waya mwembamba wa shaba. Mara umeme ukapotea wote. Ndipo wakatambua kwamba ufanisi wao haukutokana na wembamba wa hariri. Ulitokana na kuwa ni hariri. Tangu siku hiyo kihami kilikuwa na nafasi yake katika elimu ya umeme.

Karibu miaka mia moja baadaye ndipo nafasi hiyo ilipoanza kuwa ya kazi. Mwaka wa 1825 William Sturgeon alionyesha huko London sumaku ya umeme iliyokuwa ya chuma kilichopindwa mfano wa kiatu cha farasi. Alipaka vanishi chuma, bali waya aliuacha uchi. Kwa hiyo ilimpasa kuuzungusha mbali mbali, ili mzunguko usiguse mzunguko. Joseph Henry, mwalimu wa Albany huko Marekani, aliligeuza shauri hilo. Hakukivisha chuma, aliuvisha waya wenyewe hariri. Kwa njia hiyo aliweza kubananisha mizunguko na kuilaza safu juu ya safu, na mwaka wa 1831 sumaku aliyoitengenezea chuo cha Yale iliinua uzito wa ratili zaidi ya 2,000. Chuma kilikuwa ni kile kile, na shaba ni ile ile. Kilichozidi ni nguo ya waya.

Mwaka huo huo, tarehe 29 Agosti, Michael Faraday alifanya jaribio lake kubwa kwa pete ya chuma yenye koili mbili, ambalo ndilo asili ya transfoma na jenereta zote. Shajara yake yasema kwamba alitenga nyaya kwa uzi na kaliko. Kaliko ni kitambaa cha pamba, na jina lake limetoka katika bandari ya Kalikut, pwani ya magharibi ya Bara Hindi. Katika Marekani, mhunzi Thomas Davenport wa Vermont alipata hataza ya mota mwaka wa 1837. Na inasimuliwa kwamba mkewe, Emily, alikata nguo yake ya harusi ya hariri vipande vyembamba ili mumewe azungushie nyaya. Kisa hicho, kiwe ni cha kweli au kimetiwa chumvi, chaonyesha hali ya mambo: kiwanda cha waya uliovikwa hakikuwapo bado, na mvumbuzi alitafuta kihami chake katika kasha la nguo.

Lakini nguo peke yake haitoshi. Pamba hunywa unyevu wa hewa, na pamba yenye maji hupitisha umeme. Tena nyuzi zake zina nafasi baina yake, na ndani ya nafasi hizo mna hewa, ambayo huvunjika kwa volti kama 3,000 tu kwa kila milimita. Ilihitajiwa dawa ya kulowesha kitambaa, ikauke na kuziba. Dawa iliyosifiwa sana katikati ya karne ya 19 ilikuwa gutaperka, utomvu wa miti ya nchi za Wamalai. Ndiyo iliyovishwa waya wa simu uliolazwa chini ya bahari mwaka wa 1879 kutoka Aden hadi Unguja, na kuendelea Msumbiji na Durban. Chini ya maji baridi ya bahari, gutaperka haikuwa na mshindani. Ndani ya mota haikufaa kitu, maana hulainika kwa joto dogo kuliko la maji yachemkayo. Mota ilidai utomvu mgumu zaidi.

Utomvu mgumu kuliko wote uliojulikana katika biashara ulitoka Mrima. Sandarusi ya pwani ya Afrika ya Mashariki ni utomvu wa mti wa msandarusi, uliodondoka mchangani zamani sana na kukaa ardhini mpaka ukawa kama jiwe. Richard Burton, aliyepita pwani hiyo katika miaka ya 1857 hadi 1859, aliandika kwa urefu juu ya uchimbaji wake: mashimo mafupi katika mchanga mwekundu, jembe dogo, na madonge yenye vinundu juu yake mfano wa ngozi ya bata bukini aliyenyonyolewa. John Kirk, aliyekuwa Unguja katika miaka ya 1860 na baadaye, alionyesha kwamba sandarusi ya ardhini na ile ya mti ulio hai zina asili moja. Wafanya biashara walizitenga kwa bei. Ile ya mti, ambayo haijakomaa, wenyeji waliiita chakazi. Na mabaharia wa Kiingereza na Kimarekani, kwa kutoijua maana yake, waliligeuza neno hilo likawa jina la punda dume katika lugha yao. Hivyo neno la Kiswahili liliingia katika vitabu vya bei vya ng'ambo likiwa limevaa sura ya mzaha.

Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said, merikebu za Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilileta Unguja nguo ya pamba, ile iliyopata jina la amerikani, zikachukua sandarusi. Yafaa jambo hilo litazamwe vizuri. Pamba iliyofumwa na utomvu mgumu, vitu viwili ambavyo baadaye vilikutanishwa ili kufanya kitambaa cha vanishi cha kuhami umeme, vilikuwa vikibadilishwa kimoja kwa kingine katika forodha moja, zamani ambapo wanunuzi wa sandarusi walifikiria magari ya farasi na samani tu.

Upishi wa vanishi hiyo ulikuwa kazi ngumu yenye hatari. Sandarusi haiyeyuki katika mafuta mpaka kwanza ipikwe peke yake kwa joto la nyuzi 300 za Sentigredi na zaidi, hata ipoteze sehemu ya uzito wake kwa moshi. Ndipo humiminiwa mafuta ya mbegu za kitani yaliyo moto, na mwisho tapentaini ili iwe nyepesi. Watengenezaji wa mitambo ya umeme, walipoanza kazi zao katika miaka ya 1870 na 1880, hawakuunda ufundi mpya. Walichukua ufundi huu wa wapaka rangi ya magari, wakachovya ndani yake koili zao. Sandarusi ya Unguja, na tomvu nyingine za jamii yake kutoka New Zealand na Kongo, zikawa ngozi ya mashine.

Kwa kazi ya kushikamanisha, aliyetawala alikuwa mdudu. Katika misitu ya Bihar na Bengali, wadudu wadogo wafyonzao utomvu wa matawi hujifunika kwa ganda jekundu. Watu hulikwangua ganda hilo, wakaliosha, wakaliyeyusha na kulivuta kuwa vipande vyembamba mfano wa magamba. Kiswahili kinamjua mdudu huyo kwa kazi yake nyingine: lakiri, ile nta ya kutilia muhuri barua, neno lililo ndugu wa lacre la Kireno, na yote mawili asili yake ni Bara Hindi. Ikiyeyushwa katika spiriti, lakiri hupenya kila upenyo. Spiriti ikiisha kuruka, hubaki gundi ngumu, yenye kung'aa, isiyopitisha umeme. Mafundi waliipaka juu ya pamba, baina ya karatasi, na juu ya kila kiungo. Kasoro yake ni kwamba hulainika ikifikia nyuzi 75 hadi 80, jambo lililokuwa dogo katika barua, na kubwa katika mota.

Kasoro hiyo ilionekana dhahiri magari ya umeme yalipoenea mijini mwishoni mwa miaka ya 1880, hasa baada ya njia ya Richmond, Virginia, kufunguliwa mwaka wa 1888. Mota ya gari hukaa chini ya sakafu, karibu na matope, hubebeshwa mzigo mkubwa ghafula, na hupata joto kali. Pamba iliungua na lakiri ikatiririka. Tena, katika mota za namna hiyo, umeme huingia kwa brashi zinazosugua vipande vya shaba vilivyopangwa duara, na baina ya kila vipande viwili hapana budi kuwe na kizuizi kisichoungua kwa cheche. Hakuna kitambaa kiwezacho kazi hiyo.

Jibu lilikuwa ulanga. Jiwe hili hupatikana ardhini katika mafungu yaliyopangika kama kurasa. Hata katika biashara fungu moja huitwa kitabu. Kurasa zake hupasulika kwa kisu mpaka zikawa nyembamba kuliko karatasi, na bado huwa imara na zenye kupindika. Ulanga wa kawaida huvumilia joto la nyuzi 500 na zaidi, na ukurasa wake mwembamba huweza kuzuia volti zaidi ya 100,000 kwa kila milimita ya unene. Taabu yake ni udogo wa vipande. Katika miaka ya 1892 na 1893 mafundi wa Marekani walipata njia ya kupanga kurasa ndogo ndogo kama vigae vya paa, kuzipaka lakiri, na kuzigandamiza kwa moto ziwe ubao mmoja. Huo ndio ulioitwa mikanaiti. Hapo jiwe na gundi vilifunga ndoa: jiwe likazuia umeme na moto, gundi ikalishika jiwe. Mitambo mikubwa ya umeme ya karne ya 20 imejengwa juu ya ndoa hiyo.

Ulanga mwingi wa dunia ulitoka Bara Hindi, hasa Bihar na Madras. Lakini milima ya Uluguru nayo ilikuwa nao. Chini ya utawala wa Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ulanga ulichimbwa huko, na reli iliyofika Morogoro mwaka wa 1907 ilifupisha safari yake ya kwenda bandarini Dar es Salaam. Katika Vita Kuu ya Pili, ambapo kila ndege, redio na mtambo wa vita ulitaka kihami, serikali ya Uingereza ilihimiza uchimbaji huo katika Tanganyika tena. Mchimbaji alishuka mlimani na mawe yang'aayo, wakataji wakayachonga kingo na kuyapasua kurasa kwa visu, na kazi ya mikono yao ikaingia ndani ya mashine zilizo mbali, mahali pasipoonekana.

Wakati huo huo swali lilikuwa limebadilika. Mwanzoni watu waliuliza kihami kitazuia volti ngapi; sasa waliuliza kitaishi muda gani. Mwaka wa 1913 Charles Steinmetz na Benjamin Lamme walisoma mbele ya wahandisi wa Marekani insha iliyogawanya vihami katika madaraja kwa joto viwezalo kuvumilia. Kutokana na mawazo hayo yakapatikana madaraja yajulikanayo na mafundi mpaka leo: A kwa nyuzi 105, ambalo ni la pamba, hariri na karatasi zilizoloweshwa vanishi, B kwa nyuzi 130, ambalo ni la ulanga na asbesto zilizogandishwa, F kwa 155, na H kwa 180. Mwaka wa 1930 V. M. Montsinger alionyesha kwamba kila joto likizidi kwa nyuzi kama 8, umri wa kihami cha transfoma hupungua nusu. Thomas Dakin alieleza sababu yake mwaka wa 1948: kuzeeka kwa kihami ni badiliko la kikemia, na mabadiliko ya namna hiyo huenda mbio kwa kadiri ya joto. Basi ikafahamika kwamba umri wa mota ni umri wa kihami chake. Shaba haizeeki, na chuma karibu hakizeeki; kinachozeeka ni kitambaa na utomvu.

Elimu ya kemia ndiyo iliyoingia kushika nafasi ya miti, wadudu na milima. Leo Baekeland, Mbelgiji aliyekaa Yonkers, New York, alikuwa akitafuta kitu cha kushika mahali pa lakiri, ambayo bei yake ilikuwa imepanda. Mwaka wa 1907 akapata Bakelite, utomvu wa kwanza uliotengenezwa wote na binadamu, ambao ukiisha kuiva hauyeyuki tena. Mwaka wa 1913 wahandisi wawili, Herbert Faber na Daniel O'Conor, walianzisha kampuni ya kutengeneza ubao wa kitambaa na utomvu wa namna hiyo ili ushike mahali pa ulanga. Waliupa jina la Formica, ambalo katika Kiingereza maana yake ni kwa ajili ya ulanga, yaani badala yake. Leo jina hilo lajulikana katika meza za jikoni, na wengi hawajui kwamba ndani yake limefichwa jina la jiwe.

Mwanzoni mwa karne hiyo hiyo, waya ulianza kuvuliwa nguo za pamba na kupakwa enameli ya mafuta. Na mwishoni mwa miaka ya 1930 enameli hiyo ikapata mpinzani, ngozi ya plastiki nyembamba na ngumu, iliyoruhusu shaba nyingi zaidi kuingia katika mfereji ule ule. Katika miaka ya 1940 zilitokea silikoni na nyuzi za kioo, ambazo pamoja zilifungua daraja H. Mwaka wa 1946 gundi ya epoksi ilianza kuuzwa kwa jina la Araldite. Na katika miaka ya 1960 zikaja Kapton na Nomex, utando na karatasi zisizotoka katika mti wowote. Tangu hapo desturi katika mitambo mikubwa imekuwa kuweka koili ndani ya tangi, kunyonya hewa yote, kisha kuingiza utomvu kwa nguvu upenye kila upenyo, na kuuivisha kwa joto.

Katika mageuzi hayo sandarusi ilitoweka sokoni, na lakiri ikarudi katika kazi ndogo. Ulanga haukuondoka. Plastiki nyingi, zikipigwa na cheche ndogo ndogo ndani ya mashine ya volti kubwa, huliwa polepole mpaka zikatoboka. Ulanga hauliwi upesi hivyo. Kwa hiyo mpaka leo jenereta za mabwawa ya umeme hufungwa kwa utepe wa ulanga. Lakini utepe huo sasa hufanywa kwa karatasi ya ulanga uliosagwa, njia iliyoenea tangu miaka ya 1940 na 1950, na hautaki tena kurasa kubwa zilizopasuliwa kwa visu. Ufundi wa mikono ulipoteza thamani yake, bali uchimbaji haukukoma. Uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2016 juu ya Bara Hindi, na mwaka wa 2019 juu ya Bukini, ulionyesha watoto wakiokota na kuchambua ulanga kwa malipo madogo mno. Asbesto nayo, iliyokuwa mwenzi wa ulanga katika daraja B, ilidhihirika kuwa ni sumu ya mapafu ya wachimbaji na wafanya kazi wa viwandani, na Jumuiya ya Ulaya iliipiga marufuku mwaka wa 2005. Hivyo gharama ya kihami haikuwa ya pesa tu, na mara nyingi ililipwa mbali na mahali mashine ilipozunguka.

Linabaki jambo la lugha, ambalo ndilo hasa liwahusulo watafiti wa Kiswahili. Vitabu vya ufundi viandikwapo au vifasiriwapo, mwandishi huelekea kudhani kwamba elimu hii ni ngeni yote, na kwamba kila kitu chake kiletwe na jina lake la kigeni. Hapo ndipo mwanafunzi hufundishwa mika na shelaki kana kwamba ni vitu vilivyoshuka jana. Historia iliyoelezwa hapa yaonyesha kinyume. Ulanga ni neno lililomo katika kamusi, na jiwe lake limo Uluguru. Lakiri ilikuwa katika ofisi za forodha. Sandarusi iliuzwa kwa frasila. Kuyaacha maneno hayo ni kumfanya msomaji aone mgeni mahali penye jamaa yake, na ni kufuta pia ushahidi kwamba watu wa pwani na bara walikuwa na sehemu yao katika kujengwa kwa mashine hizi.

Haifai, hata hivyo, kwenda mno upande wa pili. Neno halifai kwa ukale wake peke yake. Kaharabu haiwezi leo kuitwa kuushika umeme, maana watu wamekwisha kuchagua. Wala Bakelite na epoksi hazihitaji majina ya kutungwa, maana ni vitu vilivyozaliwa na majina yao. Kanuni ifaayo ni nyepesi: kitu kilichokuwa na jina katika biashara ya zamani kibaki na jina lake, na kitu kipya kije na lake, kikiwa kimefuata matamshi ya Kiswahili.

Kuhusu kazi zenyewe, lugha imekwisha kujitengenezea njia. Kuhami, neno lenye asili ya Kiarabu na maana ya kulinda, limechukua vema maana ya kuzuia umeme, na kihami kikafuata. Nao mafundi wa Tanzania wanaorudishia nyaya katika mota zilizoungua husema kwamba wanasuka mota. Hakuna kamati iliyowapa neno hilo. Wamelitoa katika ukili, mkeka na nywele, kwa kuwa waliona katika mifereji ya chuma kazi ile ile ya kupitisha uzi juu na chini kwa hesabu, na kuubana usilegee. Neno hilo laeleza ukweli wa historia kuliko maneno mengi ya vitabuni, maana mota ilianza kweli kweli kwa hariri, uzi na kaliko. Kamusi ya ufundi itakayoandikwa kwa Kiswahili yapasa ianzie katika karakana hizo na katika maghala ya zamani ya Unguja kwa pamoja, kabla ya kufungua vitabu vya ng'ambo.